Namna ya Kupata Umri wa Dunia Bila Kutoka Morogoro

Andaa vitu vifuatavyo. Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo nyumba nyingi za Wakristo wa Tanzania zinayo. Daftari. Kalamu mbili, maana moja itaisha wino ukifika kwa wafalme wa Yuda. Jirani Mwislamu, na kwa Morogoro huyo hatafutwi mbali. Mjomba mmoja anayeujua ukoo. Na mahali pa kukaa ambapo ukiinua kichwa unauona mlima, kwa sababu mwishoni utauhitaji. Simu iweke pembeni mpaka tufike kwa mjomba. Ukiuliza mtandaoni utapewa jibu kabla hujaijua hesabu yenyewe, na jibu bila hesabu halitakusaidia kubishana na mtu yeyote.

Sharti la kazi ni moja: usianze kwa kumcheka askofu. James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh kule Ireland, alichapisha mwaka 1650 kitabu kikubwa cha Kilatini, akaandika kwamba dunia iliumbwa jioni ya kuamkia Jumapili, tarehe 23 Oktoba, mwaka 4004 KK. Tangu hapo vizazi vya wasomi vimeisoma sentensi hiyo, vikacheka, vikakifunga kitabu. Mwongozo huu ni wa wale walio tayari kukifungua tena. Rudia kazi yake jioni moja tu, ukiwa na taa na chai ya tangawizi, na nina hakika kicheko kitakuishia kabla chai haijapoa.

Fungua Mwanzo sura ya 5. Chora safu mbili daftarini: jina la baba, na umri wake siku alipozaliwa mtoto anayetajwa. Adamu 130, Sethi 105, Enoshi 90, Kenani 70, Mahalaleli 65, Yaredi 162, Henoko 65, Methusela 187, Lameki 182. Malizia na Nuhu, aliyekuwa na miaka 600 gharika ilipokuja. Jumlisha taratibu. Ukipata 1,656 uko sawa. Hiyo ndiyo miaka tangu Adamu hadi gharika.

Sasa kagua, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapopitiliza. Mchukue Methusela. Kwa hesabu yako alizaliwa mwaka 687 tangu kuumbwa, na Biblia inasema aliishi miaka 969. Jumlisha namba hizo mbili: 1,656. Mzee huyo alikufa mwaka ule ule wa gharika. Hakuna hata mmoja katika orodha hii anayevuka mwaka wa maji bila kuwamo safinani. Ukiliona hilo kwa kalamu yako mwenyewe unaelewa kwamba aliyeipanga orodha hakuwa akitupa namba ovyo. Alikuwa na hesabu mkononi na alitaka ikubali. Ussher na wenzake waliliona hilo, na ndiyo sababu waliichukua orodha kama ushahidi.

Lakini Biblia uliyoshika imefuata maandiko ya Kiebrania. Wayahudi wa Alexandria, kuanzia karne ya 3 KK, walikuwa na tafsiri ya Kigiriki iitwayo Septuaginta, na ndiyo Wakristo wengi wa mwanzo waliyoisoma. Humo Adamu ana miaka 230 alipomzaa Sethi, Sethi ana 205, Enoshi 190, na hivyo hivyo kwa wengi wanaofuata: mia moja zaidi. Badilisha namba kwenye daftari na gharika inasogea hadi mwaka 2242. Wasamaria nao wana Torati yao, na kwao ni mwaka 1307. Vitabu vitatu, familia ile ile, na kati ya jumla ndogo na kubwa pana zaidi ya miaka 900.

Umkague Methusela tena katika Kigiriki. Katika nakala nyingi za zamani anavuka gharika kwa miaka 14. Safinani hayumo, majini alipumua vipi? Swali hili lilimsumbua Agostino, askofu wa Hippo, huku huku kwetu Afrika, katika karne ya 5. Hakulifunika. Aliliandika wazi katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu, akasema lazima mnakili alikosea, na kwamba tafsiri zikigongana turudi kwenye lugha ya asili. Hiyo ni kanuni ya kazi ya nyaraka hadi leo, na iliandikwa na mtu wa dini aliyekuwa akitafuta umri wa mzee mmoja.

Hatua inayofuata ni kujua wewe ni wa misheni gani. Usichukie. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kupanda hadi Morogoro katika miaka ya 1880 walikuja na vitabu vyao vya sala kwa Kilatini. Kimojawapo, Martirologio ya Kirumi, kilitangaza kila tarehe 24 Desemba kwamba Kristo alizaliwa mwaka wa 5199 tangu Mungu alipoumba mbingu na nchi. Namba hiyo inatokana na Eusebio, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, aliyehesabu kwa Septuaginta. Waluteri wa misheni ya Berlin nao waliingia milima ya Uluguru, na Luther mwenyewe alikuwa ametengeneza jedwali la miaka ya dunia mwaka 1541, akihesabu kwa Kiebrania, na kwake uumbaji unaangukia karibu mwaka 3960 KK. Milima ile ile, Injili ile ile, na tofauti ya miaka 1,200 na ushei. Kanisa Katoliki lilipotoa Martirologio mpya mwaka 2001 liliiacha namba 5199 na kusema tu kwamba zama zisizohesabika zilikuwa zimepita. Naona huo ni uamuzi wa watu wazima: walitangaza namba kwa karne nyingi, ushahidi ukabadilika, wakaiweka chini bila kuiweka chini Noeli.

Usidhani namba za namna hii zimekufa. Wayahudi wanahesabu miaka yao tangu 3761 KK, kwa kazi iliyoanza na marabi wa karne ya 2, na wanaiandika hadi leo. Majirani zetu wa Ethiopia wanashika miaka 5,500 tangu uumbaji hadi Kristo. Mwaka wao mpya ukiingia mwezi Septemba, Kanisa la Tewahedo hujumlisha 5,500 na mwaka wa kalenda yao, kisha hugawanya kwa nne ili kujua mwaka huo ni wa mwinjili yupi. Jaribu: mwaka wao wa 2018, ulioanza Septemba 2025, ni wa 7,518 tangu kuumbwa. Gawanya kwa nne, baki ni mbili, na mwaka ni wa Marko. Baki ikiwa moja ni Mathayo, tatu ni Luka, na isipobaki kitu ni Yohana. Mwaka wa Luka ndio unaopata siku ya ziada. Ni kalenda kamili inayofanya kazi, imekaa juu ya hesabu ya umri wa dunia, na hakuna anayechelewa basi kwa sababu yake.

Turudi daftarini. Baada ya gharika shika Mwanzo 11: Shemu, Arfaksadi, Sela, Eberi, Pelegi, Reu, Serugi, Nahori. Hapa mambo ni mepesi mpaka unapomfikia Tera. Mstari wa 26 unasema Tera alikuwa na miaka 70, akawazaa Abramu, Nahori na Harani. Ukiishia hapo, Abramu amezaliwa mwaka 1948 tangu kuumbwa, na Wayahudi waliishia hapo. Lakini soma mbele kidogo. Tera alikufa na miaka 205. Abramu alitoka mji wa Harani akiwa na miaka 75. Kisha nenda Matendo ya Mitume 7:4, ambapo Stefano, akijitetea mbele ya baraza, anasema Abrahamu aliondoka baada ya baba yake kufa. Toa 75 katika 205. Tera alikuwa na miaka 130 Abramu alipozaliwa, na huyo aliyezaliwa Tera akiwa na 70 ni kaka yake. Miaka 60 imeongezeka kwa mstari mmoja wa hotuba.

Utachukua ipi? Amua, na uandike sababu pembeni. Ussher alichukua 130. Kisha akakutana na miaka 430 ya Kutoka 12:40, akajiuliza ianze kuhesabiwa lini. Kwa kumfuata Paulo katika Wagalatia sura ya 3, akaianza tangu Abrahamu alipotoka Harani badala ya kuianza tangu Yakobo alipoingia Misri. Halafu 1 Wafalme 6:1, miaka 480 tangu kutoka Misri hadi Sulemani kuanza kujenga hekalu. Baada ya hapo wanakuja wafalme wa Yuda na Israeli, kila mmoja akihesabiwa kwa mwaka wa utawala wa mwenzake, wengine wakitawala pamoja na baba zao kabla hawajafa. Kalamu ya kwanza inakufa hapa. Vumilia, andika falme mbili sambamba, na usilazimishe.

Ukimaliza wafalme utagundua tatizo ambalo wanaomcheka Ussher hawajawahi kulifikia. Una jumla ndefu ya miaka, lakini huna pa kuifunga. Biblia haina KK. Haikuambii gharika iko umbali gani na mwaka huu ulio nao. Lazima upate tukio moja ambalo liko ndani ya Biblia na pia liko katika kumbukumbu za taifa jingine lenye tarehe. Ussher alilipata katika 2 Wafalme 25:27. Katika mwaka wa 37 wa uhamisho wa mfalme Yehoyakini, Evil-merodaki alianza kutawala Babeli akamtoa mfungwa huyo gerezani. Evil-merodaki alimrithi Nebukadreza. Na orodha ya wafalme wa Babeli pamoja na miaka yao ilikuwa imehifadhiwa na Ptolemayo, mnajimu wa Alexandria, sambamba na kumbukumbu za kupatwa kwa mwezi ambazo mnajimu yeyote anaweza kuzihesabu kurudi nyuma. Kwa njia hiyo inapatikana kwamba Nebukadreza alikufa mwaka 562 KK, na wanahistoria wa leo, wenye vigae vya udongo kutoka Babeli kwenyewe, wanakubali mwaka huo huo. Kutoka hapo askofu alirudi nyuma hatua kwa hatua: hekalu 1012, kutoka Misri 1491, Abrahamu 1996, hadi 4004.

Hiyo Oktoba inayochekwa zaidi nayo ina sababu. Mwaka wa kale wa Kiebrania ulianza majira ya vuli, matunda yakiwa tayari mitini, na uumbaji ulianza siku ya kwanza ya juma. Kwa hiyo alichukua majedwali ya nyota na kutafuta Jumapili iliyo jirani na siku ambayo usiku na mchana hulingana. Kepler, aliyegundua kanuni za mizunguko ya sayari, alifanya hesabu ya jinsi hiyo akapata miaka isiyo mbali na hapo. Newton alitumia miaka mingi ya uzee wake kwenye miaka ya falme za kale, na kitabu chake kilitoka mwaka 1728 akiwa ameshafariki. Mwaka 1701 tarehe za Ussher ziliwekwa pembezoni mwa Biblia ya Kiingereza, na tangu hapo wasomaji wengi walizichukua kana kwamba zimeshuka pamoja na Maandiko. Kosa hilo ni la wachapaji. Ussher aliandika hesabu yake kama hesabu, hatua zote zikiwa wazi ili mwingine aje azikague.

Palipomshinda pia paonekane. Ussher alikubali kwamba Herode alikufa mwaka 4 KK na kwamba Yesu alizaliwa kabla Herode hajafa. Kutoka 4004 hadi 4 ni miaka 4,000 kamili. Wazo kwamba dunia itadumu miaka 6,000, siku moja ya uumbaji kwa kila miaka elfu, lilikuwa limeenea kanisani tangu karne za mwanzo, kwa kuegemea 2 Petro 3:8 na Zaburi ya 90. Jumla inayotoka mviringo namna hiyo inatia shaka. Kati ya 70 na 130 za Tera, kati ya tafsiri mbili za miaka 430, mtu aliyekwisha kuipenda namba fulani hupata njia ya kuifikia. Kwa hiyo ukiona daftari lako linaelekea kwenye namba nzuri, rudia hesabu kwa ukali zaidi.

Na usihesabu kwenda mbele. Hili ni katazo. Miaka 6,000 ya Ussher ilitimia Alhamisi, tarehe 23 Oktoba 1997, na siku hiyo daladala za Morogoro zilijaa kama kawaida. Lakini jirani zetu wa Uganda wanajua gharama ya hesabu ya kwenda mbele. Kule Kanungu viongozi wa kikundi kimoja cha dini walitangaza kwamba dunia ingeisha tarehe 31 Desemba 1999. Haikuisha. Tarehe 17 Machi 2000 waumini wao, pamoja na watoto, waliteketea kwa moto ndani ya kanisa, na baadaye miili mingine ikafukuliwa. Waliokufa ni mamia. Askofu Agostino alipokuta miaka 14 isiyokubali aliitangaza. Viongozi wa Kanungu walipokuta siku isiyokubali waliua. Anayekupa tarehe ya mwisho wa dunia mwombe daftari lake, na akikosa, ondoka na watoto wako.

Sasa mwite jirani yako Mwislamu, mpe kiti na kikombe. Atakwambia kwamba Kurani haina orodha ya umri wa kila baba siku alipozaa. Ina jambo moja linalokaribia: katika Sura Al-Ankabut, Nuhu alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini. Ndiyo maana wanachuoni wa Kiislamu waliotaka jumla iliwapasa kuuliza kwa Wayahudi, Wakristo na Waajemi. Al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, alikusanya mapokezi ya wanaosema miaka 6,000 na ya wanaosema 7,000, kila moja na majina ya waliolipokea. Al-Masudi, aliyesafiri kati ya kisiwa cha Qanbalu katika pwani yetu hii na Oman mwaka 916, naye alishughulika na hesabu za mataifa mbalimbali tangu Adamu. Lakini niliye na haja naye ni Al-Biruni. Karibu na mwaka 1000 aliziweka mezani Torati zote tatu, ya Wayahudi, ya Wakristo na ya Wasamaria, akaonyesha zinavyotofautiana, akasema kwamba kwa tofauti hizo hakuna uhakika unaoweza kupatikana. Aliyaandika hayo miaka 650 kabla ya Ussher. Kama vitabu vya Al-Biruni vingekuwa vinasomwa Armagh, ile sentensi ya Oktoba ingeandikwa kwa tahadhari zaidi.

Baada ya jirani, mpigie mjomba simu. Mwamkie vizuri, muulize habari za nyumbani na za mahindi, kisha mwombe akutajie waliotangulia. Waluguru hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo ni kwa mjomba unapokwenda kuuliza habari za ardhi na majina. Orodha ya Mwanzo 5, ya baba kwa mwana, kwake ni orodha ya upande mmoja. Muulize pia kuhusu akina Kingalu, watawala na waomba mvua wa upande wa Matombo na Kinole. Utaambiwa Kingalu alimrithi Kingalu, aliyemrithi Kingalu. Jina linarithiwa pamoja na kiti. Wanahistoria wamejaribu kugeuza orodha za namna hii kuwa miaka kwa kukisia kizazi kimoja ni miaka 25 au 30, na wanajua wanakisia: huyu alitawala miaka mitatu, yule arobaini, na mwingine amesahauliwa kwa sababu aliitwa kama babu yake. Orodha ya mjomba ilitunzwa ili kujua nani analima wapi na nani anamrithi nani, na kwa kazi hiyo haijashindwa. Ila baada ya kuisikia, rudi uitazame Mwanzo 5. Umri wa baba siku ya kuzaliwa kwa mtoto, kizazi baada ya kizazi, ni kitu ambacho orodha nyingi za koo hazina. Ussher alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ameshika saa.

Inua kichwa sasa uutazame mlima.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walikuwa wakichimbisha ulanga katika Uluguru. Ndani ya miamba ile yenye ulanga vilitokea vipande vyeusi, vizito kuliko vinavyoonekana, vikiwa vimefunikwa na unga wa njano. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mawe hayo yalitangulia, kwa hiyo yalishuka pwani kwa miguu ya wapagazi. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald aliyaeleza kule Berlin. Jeusi lilikuwa uraninaiti, madini yaliyojaa urani. Ule unga wa njano ulikuwa madini ambayo hayajawahi kuandikwa popote duniani, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Ukifungua orodha ya madini ya dunia leo, mahali pa asili pa rutherfordini pameandikwa Lukwengule, Uluguru, Morogoro.

Heshima hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko Marckwald alivyojua. Rutherford alikuwa amekwisha kupendekeza kwamba urani, kwa kuwa inaoza kwa mwendo usiobadilika, inaweza kutumika kupima umri wa jiwe. Mwaka 1907 Mmarekani Bertram Boltwood alionyesha kwamba mwisho wa kuoza huko ni risasi: pima urani iliyobaki, pima risasi iliyozaliwa, na utapata miaka. Majibu yake yalianzia miaka milioni 400 na kupita bilioni 2. Lakini njia hii ilikuwa na tatizo lile lile ulilolikuta kwenye Septuaginta. Risasi ya kawaida ipo kila mahali. Jiwe likiwa limechanganyika nayo tangu mwanzo, utahesabu miaka ambayo haikuwapo, na umri wa jiwe utavimba kama ulivyovimba umri wa akina Enoshi. Ilitakiwa nakala safi.

Nakala hiyo ilitoka Morogoro. Mwaka 1914, katika Taasisi ya Radiamu ya Vienna, mkemia kijana Stefanie Horovitz, mzaliwa wa Warsaw, akifanya kazi na Otto Hönigschmid, alichukua mawe yenye urani, akatenga risasi yake, akaisafisha tena na tena, kisha akapima uzito wa atomu zake. Risasi ya kawaida ni 207.2. Nadharia ilisema risasi iliyozaliwa na urani lazima iwe 206, kwa sababu urani ina 238 na hupoteza chembe nane za heli, kila moja ikiwa na uzito wa nne. Fanya hesabu hiyo daftarini. Mawe ya Joachimsthal, mgodi mashuhuri wa Bohemia, yalitoa 206.7: mchanganyiko. Fuwele za Morogoro zilitoa 206.046. Karibu risasi yote iliyokuwa ndani yake ilikuwa imezaliwa humo humo, na hakuna mkono wa mnakili ulioongeza miaka mia. Namba hiyo ilikuwa miongoni mwa uthibitisho wa kwanza kwamba kuna isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, wazo ambalo Frederick Soddy alikuwa amelitangaza mwaka 1913 na lililochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Horovitz hakupata tuzo. Alikuwa Myahudi, na Wanazi walimuua Treblinka mwaka 1942. Jina lake liandike daftarini pamoja na majina ya maaskofu.

Hesabu yenyewe haikushindi. Nusu ya urani-238 huwa imeoza baada ya miaka bilioni 4.47. Jiwe lenye atomu 10 za risasi-206 kwa kila atomu 100 za urani zilizobaki lina miaka kama milioni 614. Mwaka 1994 Mtanzania mwenzetu, mjiolojia Sospeter Muhongo, pamoja na J.-L. Lenoir, walichapisha vipimo vya chembe za zirikoni kutoka Uluguru na milima ya jirani, kwa saa hii hii ya urani na risasi. Miamba unayoiona juu ya mji ilipikwa chini sana ardhini, mabara yalipogongana, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita.

Huo ni umri wa mwamba wa Uluguru. Miamba ya katikati ya nchi, kuelekea Dodoma na Shinyanga, imepita miaka bilioni 2.5. Na kwa dunia nzima itabidi uangalie vitu vilivyobaki jinsi vilivyokuwa tangu jua na sayari zilipoanza: vimondo. Mwaka 1956 Clair Patterson alipima risasi katika vimondo, kimojawapo cha chuma kilichoanguka Arizona, akapata miaka bilioni 4.55. Namba hiyo imesimama hadi leo kwa marekebisho madogo. Sisi tunacho kimondo cha chuma Mbozi, mkoani Songwe, kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Ukitaka kugusa kitu cha umri huo kwa mkono wako, nauli ya basi inatosha.

Usiende Uluguru na sululu. Uraninaiti ina mionzi, na msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka huko. Kazi yote ya mwongozo huu inafanyika mezani.

Nina ombi moja. Walimu wa kemia wa Morogoro, mnapofika kwenye isotopu, vitabu vitawapa mifano ya Ulaya na Marekani. Andikeni ubaoni 206.046, chini yake Horovitz, 1914, na chini yake Morogoro, kisha wapeni wanafunzi urani na risasi wajihesabie wenyewe. Nanyi wachungaji, mapadre na masheikhe, siku moja waambieni vijana waje na daftari, mfungue Mwanzo 5 pamoja, na msiwape jumla kabla hawajaipata.